Nusu Raundi ya Salamu

Mwaka ule ofisi ya mji wa Tabora ilipoamua kuinyoosha barabara ya Gongoni, walipita watu wawili wenye kamba na kopo la chokaa, wakaandika namba kwenye kila kibanda kilichozidi mstari. Banda la Shomari bin Mwinshehe, fundi baiskeli, lilipata namba kumi na nne. Mwenye brashi alisalimu vizuri, akaandika, akasalimu tena, akaondoka. Shomari alibaki na spana mkononi akiitazama namba ile, na ingawa kusoma kulimpiga chenga, ile aliielewa bila kusomewa. Kilichopakwa chokaa kitabomolewa.

Mstari wenyewe ulikuwa kichekesho. Barabara ile ndiyo njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji, na haikuwahi kunyooka hata siku moja, kwa sababu mpagazi mwenye pembe begani hafuati rula. Babu yake Shomari, Mzaramo, alipanda nayo akiwa mfua vyuma wa msafara. Homa ikamshika, wenzake wakamwacha Tabora apone au afe, akapona. Akaoa, akaweka mivukuto yake pale pale alipoachwa. Mtoto wake akaparithi mahali, mjukuu naye akaparithi, na siku hizi mivukuto ilikuwa imegeuka pampu ya baiskeli. Miaka sabini na ushee familia moja imekaa mahali pamoja, ndipo Serikali ikagundua kwamba mahali penyewe ni katikati ya mtaro wa barabara mpya.

Ni lazima mjue jinsi Shomari alivyokuwa akifanya kazi, maana mambo yote yalianzia hapo. Kila nati aliyoifunga aliiacha nusu raundi. Hakuwa mwizi wala mvivu. Aliifunga ikafungika, kisha mkono wenyewe ukarudi nyuma kidogo, kama alivyofundishwa na baba yake tangu hajaota ndevu. Baada ya mwezi hivi gurudumu lilianza kucheza, na mwenye baiskeli akarudi: mkulima wa tumbaku kutoka Usoke, mrina asali kutoka Goweko, mwalimu wa Igalula. Alikaa kwenye benchi, akaulizwa habari za mvua na za wagonjwa, akanywa kahawa ya Batuli, mke wa fundi, na nati ikakazwa bure. Baba yake aliiita nusu raundi ya salamu. Wateja waliijua na hakuna aliyelalamika. Wengine walirudi hata kabla nati haijalegea.

Aliyeuchora ule mstari wa barabara alikuwa Bwana Hoskini, injinia wa mji, Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu, aliyesimamia barabara, mitaro na maji. Alikuwa mtu mpole. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kufaulia mtihani wa Serikali, safi na kikavu, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akimtukana kibarua. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokipenda kuliko mstari ulionyooka, nacho kilikuwa boti.

Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, imepakwa rangi nyeupe na buluu, na ilikuja kwa meli na treni ndani ya sanduku la majani makavu. Tumboni ilikuwa na betri na redio. Kila Jumamosi asubuhi Bwana Hoskini alisimama ukingoni mwa bwawa la mji na kisanduku chenye waya mrefu uliosimama wima. Akibonyeza kitufe, boti inakwenda. Akibonyeza tena, inakata kona. Akibonyeza mara mbili, inarudi kinyumenyume. Hakukuwa na kamba wala uzi. Watu wa Tabora wamekua na treni na wameona ndege zikitua, kwa hiyo hawakushangazwa na redio. Walichoshangaa ni kuona bwawa ambalo ng'ombe, ndoo na nyavu vimepigwa marufuku kwa sababu ni maji ya kunywa, limepata meli.

Tatizo lilikuwa propela, kile kipande cha shaba chenye masikio matatu kinachozunguka majini nyuma ya boti na kuisukuma. Kila boti iliporudi nyuma kwa ghafla, propela ilijifungua, ikachomoka, ikazama. Boti ikabaki majini inanguruma bila kwenda popote. Hapo aliitwa Mahona, mmoja wa walinzi wawili wa bwawa, Mnyamwezi mwenye kifua kipana, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wasiingie majini. Alivua shati, akaingia majini kwa amri, akaleta boti, kisha akarudi kuitafuta propela kwenye matope mpaka jua likawa la utosi. Alikuwa haikosi, lakini ilimchukua asubuhi nzima.

Bwana Hoskini alijaribu gundi ya kwao. Alijaribu uzi, akajaribu nta. Aliandika barua kwenye gazeti la wapenda boti huko Uingereza, na baada ya miezi miwili akajibiwa kwamba aikaze zaidi. Ndipo karani wake, Dionis, kijana wa Usoke aliyesomeshwa na mapadri na aliyependa majalada kuliko chakula, alipomweleza kwamba kuna fundi Gongoni anayejua nati.

Walikuja wote wawili, boti ikiwa mapajani mwa karani ndani ya gari. Dionis alitangulia.

"Shikamoo, mzee Shomari."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli tena?"

"Leo si baiskeli. Leo ni meli."

Shomari aliigeuza boti juu chini, akaizungusha propela kwa kidole. "Bwana mkubwa, inachomoka ikienda mbele au ikirudi nyuma?"

"Ikirudi nyuma," alisema Bwana Hoskini. "Daima ikirudi nyuma."

Shomari akamletea pedali mbili. Ya kulia, akamwonyesha, hukazwa kwa kuzungusha kulia. Ya kushoto ina meno ya kinyume, hukazwa kwa kuzungusha kushoto, la sivyo mguu wa mpandaji ungeifungua njiani. Sasa hii propela meno yake ni ya upande mmoja. Ikienda mbele inajikaza yenyewe, ikirudi nyuma inajifungua yenyewe, na kuikaza zaidi ni kuisumbua tu. Dawa yake ni nati ya pili nyuma ya ile ya kwanza, zibanane, ili moja ikitaka kufunguka nyingine iizuie. Bwana Hoskini alisikiliza akiwa amechuchumaa mavumbini, magoti yake mekundu yakiwa yamekaribia masikio, na aliposimama alikuwa na furaha ya mtoto.

Shomari alipata nati ndogo kwenye taa mbovu ya baiskeli, meno yake yakaingiana. Akaifunga, zikabanana. Kisha mkono wake ukaacha nusu raundi.

Naapa hakukusudia. Mkono ulifanya ulichozoea, na yeye aligundua wakati gari limekwisha kata kona. Jumamosi ya kwanza propela ikakaa, ya pili ikakaa. Ya tatu ikachomoka, Mahona akaingia majini, na Jumatatu Bwana Hoskini alikuwa Gongoni tena, hana hasira hata kidogo, kwa sababu Jumamosi mbili kwake zilikuwa ushindi mkubwa.

Alipokuwa amekaa kwenye benchi akingoja, macho yake yaliiona ile namba ya chokaa. Shomari akaona ameiona.

"Bwana mkubwa," akasema, "mwezi ujao hili banda halipo. Namba kumi na nne. Sijui boti utanipelekea wapi."

Bwana Hoskini aliitazama tena ile chokaa. Mstari ulikuwa wake mwenyewe, na kuupinda kwa sababu ya mtu lisingekuwa jambo la haki. Lakini kuupinda kwa sababu ya matengenezo, hilo lilikuwa jambo la kazi. Akamwamuru Dionis aandike: banda namba kumi na nne lisibomolewe kwa muda wote wa matengenezo ya boti. Dionis akaandika, akapiga muhuri, akafungua jalada jipya, na uso wake uling'aa kuliko wa bwana wake.

Tangu siku ile nusu raundi ikawa ya makusudi. Shomari aliijua propela ile kama anavyojua vidole vyake. Robo raundi ilikaa mwezi mzima. Nusu raundi ilikaa Jumamosi mbili, na upepo ukiwa mkali, moja. Alikuwa akiipima kwa makini, isichomoke mapema Bwana akakata tamaa, isikae sana Bwana akamsahau. Kibanda namba kumi na tatu kikabomolewa, namba kumi na tano kikabomolewa. Mtaro ukachimbwa kutoka stesheni, ukafika kwenye ukuta wa Shomari, ukazunguka nyuma ya banda, ukatokea upande wa pili ukaendelea na safari yake. Watu wa Gongoni wakaliita banda lile Kisiwa. Wateja waliruka mtaro kuja kunywa kahawa, na Shomari alikuwa na raha kuliko miaka yote ya maisha yake.

Miezi minane ilipita hivyo.

Sasa huyu Mahona alikuwa mtani wake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akakuvua kofia, akakudai sanda ya marehemu wako, nawe unacheka na kujibu. Neno la mtani huingia sikioni, likatokea sikio la pili. Atakayeliweka moyoni ameharibu, na watu watamcheka yeye.

Siku moja Mahona alikuja Gongoni akianza kusema akiwa bado barabarani, ili mtaa wote usikie.

"We Mzaramo. Babu yangu alimbeba babu yako kwa machela kutoka Ugogo mpaka hapa anatapika njia nzima. Leo mjukuu wake ananizamisha kwenye matope. Hiyo ndiyo asante ya watu wa pwani?"

"Babu yako alibeba kwa sababu ndiyo kazi ya punda," Shomari alijibu bila kuinua kichwa.

"Punda anakwambia kwamba unailegeza hiyo propela. Mikono yako naijua. Baiskeli yangu yenyewe inanirudisha hapa kila mwezi kama nina kesi. Unailegeza banda lako lisimame, na mimi niliwe na ruba. Ona hii miguu. Jamani, tazameni miguu ya mtoto wa watu."

Akakunja suruali. Wateja kwenye benchi walicheka mpaka kahawa ikamwagika, na Shomari akacheka nao, kama sheria inavyotaka. Lakini aliitazama ile miguu. Ilikuwa na alama za ruba kuanzia kifundoni mpaka gotini, na Mahona alipokwisha kucheka alikohoa, akainama, akakohoa tena.

Wiki iliyofuata Mahona hakuonekana bwawani. Walisema ana homa. Shomari alikwenda kumtazama, na mkewe, Josepha, akampokea mlangoni kwa heshima zote. Mahona alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili anatetemeka, meno yanagongana.

"Umekuja kuhakikisha nimekufa," alisema. "Bado. Nenda kaniletee propela yako nizikwe nayo."

Shomari alimfunika vizuri blanketi la juu. Alirudi nyumbani na aibu. Alisali Alasiri akasahau yuko rakaa ya ngapi, akaanza upya, akasahau tena. Miezi minane alikuwa akimtumbukiza mtu mwenye mke na watoto katika maji baridi ili yeye akae kwenye benchi lake. Lile alilosema Mahona mbele ya watu lilikuwa kweli tupu, na kweli ikishaingia hivyo haitoki kwa sababu tu imesemwa na mtani.

Batuli alimkuta ameketi na boti magotini. Wiki ile Bwana Hoskini alikuwa ameileta kwa sababu kubwa: mkuu wa idara alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam kukagua bwawa, na Bwana alitaka kumwonyesha boti mbele ya wazungu wote wa mji.

"Nataka niifunge kweli," Shomari alisema.

"Na banda?"

"Mama Kuluthumu, boti ikienda vizuri mbele ya wakubwa zake, Bwana atanishukuru. Nani amewahi kumbomolea fundi aliyempa sifa?"

Batuli aliendelea kupepeta mchele. "Wewe umeishi na watu wa baiskeli," alisema mwishowe. "Hao ukiwatendea mema wanakumbuka. Yule ni mtu wa karatasi."

"Mahona ana watoto wanne."

"Sikukukataza. Nimesema ni mtu wa karatasi."

Kesho yake asubuhi aliifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Aliusugua mhimili wa propela ukang'aa. Akaitia propela, akafunga nati ya kwanza mpaka spana ikagoma. Akafunga ya pili juu yake, akaishika ya kwanza kwa spana nyingine, akazibana moja dhidi ya nyingine mpaka vidole vikawa vyeupe. Mkono ulitaka kurudi nyuma. Akauzuia kwa mkono wa pili. Kisha, kwa kuwa hakujiamini, akatoboa tundu jembamba kupita nati zote mbili na mhimili, akapitisha kipande cha spoki, akakipinda ncha zote mbili. Alipomaliza alihisi ameagana na mtu.

Jumamosi ile bwawa lilijaa kofia. Boti ilikwenda mbele, ikakata kona, ikarudi nyuma kwa kishindo, ikasimama, ikarudi tena. Bwana Hoskini alibonyeza mpaka kidole kikamuuma. Mkuu kutoka Dar es Salaam alipiga makofi, mabibi wakapiga makofi. Mahona, aliyepona homa siku tatu tu zilizopita, alisimama ukingoni shati likiwa mwilini, mikono nyuma, akiwa mkavu kutoka utosini mpaka nyayoni. Shomari alimtazama kwa mbali akajisikia mwepesi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu homa ile kwamba alitamani kumtania.

Bwana Hoskini alimwita mbele ya watu, akamshika mkono, akautikisa mara nne. "Wewe ni fundi wa kweli," alisema.

Jumamosi nne zikapita, propela haikuchomoka. Bwana Hoskini hakuja Gongoni. Hakuwa na la kumleta. Wiki ya tano alikuja Dionis, peke yake, kwa baiskeli. Aliruka mtaro, akasalimu, na hakukaa.

"Mzee Shomari, nimeleta barua." Aliishika kwa mikono miwili. "Ile ruhusa ilikuwa kwa muda wa matengenezo. Mwisho wa mwezi napitia majalada, naona boti haijaletwa tena. Bwana akaniuliza, matengenezo yamekamilika? Nikatazama, kweli yamekamilika. Tukafunga jalada."

"Na likifungwa?"

Dionis alitazama namba kumi na nne, ambayo mvua ilikuwa imeifuta nusu. "Jumatatu," alisema. "Lakini mzee, Bwana amekuandikia na barua nyingine ya sifa. Nzuri sana. Niliipiga chapa mwenyewe."

Shomari alikwenda ofisini siku ile ile, amevaa kanzu ya Ijumaa. Bwana Hoskini alisimama kumpokea, jambo ambalo makarani walilizungumza wiki nzima.

"Bwana mkubwa," alisema Shomari, "niletee ile boti niikague. Nati hata ukizikaza vipi, zinaweza kulegea."

"Hapana, fundi. Kitu kilicho kizuri kisiguswe."

"Niitazame tu. Dakika moja."

"Wewe unajidharau," alisema Bwana Hoskini kwa upole mwingi. "Nimejaribu mwenyewe kuifungua kwa spana. Haifunguki. Hakuna mtu Tabora aliyewahi kufunga kitu namna ile." Akaichukua ile barua ya sifa, akamsomea yote. Ilisema kwamba Shomari bin Mwinshehe ni fundi ambaye kazi yake hairudi. Kuhusu banda alisikitika, na alisikitika kweli, ilionekana machoni. Lakini mtaro lazima ufuate mstari. Kulikuwa na kiwanja cha mafundi nyuma ya machinjio, angepewa mahali huko. Shomari alipajua. Hakuna njia inayopita nyuma ya machinjio. Mtu wa Usoke angezunguka mji mzima asimwone, na mwisho angemuuliza mwingine, na huyo mwingine angekuwa naye fundi, akambakisha kwake.

Alitoka na barua ya sifa mfukoni, na ilimuuma kuliko ile ya kwanza.

Jumatatu asubuhi Batuli alikwisha ondoa birika na vikombe. Benchi lilikuwa limewekwa ng'ambo ya mtaro, na watu wa mtaa wamesimama pembeni hawakai. Vibarua sita wa ofisi ya mji walikuja na matarimbo, Dionis nyuma yao na karatasi. Aliyetangulia mbele, tarimbo begani, alikuwa Mahona.

Shomari alimtazama asiamini. "Wewe si mlinzi wa bwawa?"

"Nilikuwa." Mahona alishusha tarimbo. Hakuwa na uso wa utani. "Walinzi wawili wa nini, wakasema. Mmoja aliwekwa kwa ajili ya kuzamia propela. Propela haizami tena, basi mzamiaji aende barabarani. Nina wiki ya pili sasa, navunja nyumba za watu ninaowajua."

"Mimi niliikaza kwa ajili yako," alisema Shomari.

"Nini?"

"Propela. Niliikaza kwa ajili yako. Ulikuja hapa ukaonyesha miguu, ukakohoa. Nikaja kwako nikakuta unatetemeka. Nikaona nitakuua."

Mahona akakaa juu ya ukingo wa mtaro, tarimbo likiwa katikati ya magoti.

"Ile ilikuwa homa tu, ya mbu, kama ya kila mtu," alisema taratibu. "Shomari, boti ilikuwa inarudi nyuma mahali pale pale kila Jumamosi. Propela nilikuwa naikanyaga kwa hatua ya tano. Naichomeka kiunoni, halafu natafuta mpaka mchana. Unajua nilikuwa natafuta nini? Kambare. Nina migono sita ya kutegea samaki kwenye matete upande wa pili. Nani mwingine Tabora nzima alikuwa na amri ya Serikali ya kuingia bwawani? Watoto wangu wamekula kambare miezi minane."

"Na ruba?"

"Ruba nimewazoea tangu nazaliwa." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, akaishusha. "Nilijua unalegeza. Nilikuwa nakusifu kwa Josepha, namwambia yule Mzaramo ana akili, anajilisha na sisi anatulisha. Ndiyo maana nilikuja kukutania, ili ujue najua, na uendelee. Tangu lini Mzaramo akasikiliza maneno ya Mnyamwezi? Kwa nini hukunijibu tu?"

Shomari alikuwa amelijibu kila neno la mtani huyu kwa miaka thelathini, na lile moja tu ndilo alilolichukua akaenda nalo nyumbani.

Dionis alikohoa kidogo, akatazama saa. "Mahona," aliita, si kwa ukali.

Mahona akainuka. Alijifuta uso kwa mkono, akapanda juu ya pipa, akachomeka tarimbo chini ya bati la kona ya kulia, akavuta. Bati likalia, likaanza kukunjika pale kwenye msumari. Akavuta tena, vibaya zaidi, kama mtu asiyeona anachokifanya.

"Si huko," alisema Shomari. "Utapasua. Hilo la kona limelaliwa na la katikati. Anzia kushoto, utoe msumari wa juu kwanza."

"Wewe kaa pembeni."

"Nitakaaje pembeni na unaharibu?"

Akavua kofia, akaiweka kwenye benchi, akapanda juu ya pipa la pili. Akalishika bati kwa mikono miwili kutoka chini, lisianguke wala lisipinde, na Mahona akahamia kushoto akatoa msumari wa juu kwanza. Likatoka zima. Wakalishusha pamoja, wakalilaza taratibu ng'ambo ya mtaro, wakarudi kwa la pili. Machozi yalikuwa yakimtoka Shomari mbele ya mtaa wote, na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika bati. Walipofika la nne Mahona alimwambia ashike juu kidogo, naye akashika juu kidogo.